Barua za Wasomaji: Deni la Jirani, Fidia ya Reli na Mikopo ya Asilimia Kumi

Barua za toleo hili nyingi zimetoka Tabora na Kigoma, na karibu zote zinazungumzia jambo moja: fedha iliyopaswa kumfikia mtu ikakatikia njiani. Tumezifupisha bila kugusa maana.

Deni langu nimelipa, mbona nakatwa la wengine?

*Wahariri, salaam. Ninalima tumbaku ya mvuke hapa Urambo. Msimu uliopita nilipeleka mitumba (marobota) yangu yote ya tumbaku AMCOS, chama chetu cha ushirika cha mazao, na kwa hesabu zangu deni la pembejeo lilikwisha, tena kulikuwa na salio. Malipo yalipotoka yalikuwa pungufu. Katibu anasema chama kilikuwa na deni. Deni la chama linanihusu nini? — Mkulima, Urambo*

Ndugu mkulima, linakuhusu kwa sababu aliyekopa benki si wewe, ni chama. AMCOS hukusanya mahitaji ya wanachama: hekta ngapi, mifuko mingapi ya mbolea za NPK na CAN, mbegu, dawa, nyuzi za kushonea mitumba. Kisha hukopa kwa jina lake. Tumbaku ikinunuliwa, fedha huingia kwenye akaunti ya chama, na benki haiangalii majina ya watu. Inachukua chake chote kwanza. Kinachobaki ndicho mnachogawana.

Tutoe mfano wa kubuni. Chama kina wanachama 100, kila mmoja amechukua pembejeo za dola 600, jumla dola 60,000. Wanachama 20 wakaleta tumbaku kidogo, kila mmoja akabaki na deni la dola 400. Hilo ni pengo la dola 8,000. Benki imeshakata 60,000 zake, kwa hiyo pengo limeangukia kwa wale 80 walioleta mzigo: dola 100 kila kichwa. Hakuna aliyeiba hapo. Lakini mkulima wa hekta moja ameumia sawasawa na mkulima wa hekta tano, na kwa wa hekta moja dola 100 ni karo ya mtoto.

Kwa nini wale 20 hawakufikisha? Wapo waliopigwa na mvua ya mawe, au bani, nyumba ya kukaushia tumbaku, lilivuja moto na majani yakatoka ya kijani. Hao ni wa kuhurumiwa. Wapo walioandikisha hekta mbili wakalima moja, mbolea iliyobaki ikaenda kwenye mahindi au ikauzwa kwa bei ya kutupa. Na wapo waliouza kwa vishada, yaani wanunuzi wasio rasmi, usiku, fedha mkononi, kwa sababu shule zilifungua Januari na soko la tumbaku halikuwa limefunguliwa. Tumbaku ya vishada haipiti kwenye mizani ya chama, kwa hiyo deni lake linabaki kwa majirani. Ukitaka kujua kama mnahurumiana au mnaibiana, lazima ujue deni la nani ni la aina gani.

Hilo halijulikani kwa maneno. Andika barua kwa bodi ya chama uombe kuona muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha ukomo wa madeni wa msimu ule, orodha ya pembejeo yenye sahihi ya kila aliyepokea, na taarifa ya mauzo na makato kwa kila mwanachama. Ukomo wa madeni ndio kiasi cha juu ambacho mkutano mkuu umeruhusu chama kikope, na unatakiwa uidhinishwe na Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika. Mkopo ukizidi ukomo, swali halikuhusu tena wewe, linawahusu waliosaini. Kwenye orodha ya pembejeo tazama majina ya wajumbe wa bodi kabla ya majina mengine. Mjumbe aliyechukua mifuko ya hekta nyingi na kuleta mitumba ya hekta moja ana la kueleza mbele ya mkutano.

Kwenye taarifa ya makato, angalia vitu viwili ambavyo wengi hawaviangalii. Cha kwanza ni kiwango cha kubadilishia fedha. Bei ya tumbaku kwa miaka mingi imepangwa kwa dola ya Marekani huku mkulima akilipwa shilingi. Uliza kimetumika kiwango cha tarehe gani, siku ya soko au siku ya malipo, na ulinganishe na karatasi ya benki. Cha pili ni ushuru wa mazao wa halmashauri. Mwaka 2017 ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na kisheria anayelipa ni mnunuzi. Ukiukuta umejitokeza kama kato kwenye jina lako, dai maelezo.

Upotevu mwingine hutokea sokoni, kabla hata ya deni kutajwa. Mtumba uliochanganywa madaraja, au wenye unyevu, hurudishwa au hushushwa bei. Kipande cha kamba ya plastiki au nyoya la kuku ndani ya majani kinatosha kuleta matata, kwa sababu kiwandani huwa kigumu kukitenga. Chagua majani mchana, kwenye mwanga, na shona kwa uzi wa katani. Siku ya soko simama karibu na mtumba wako mteuzi, yaani mpanga madaraja, anapoupitia. Soma karatasi yake: uzito, daraja, bei. Pingamizi la daraja hutolewa pale pale, mtumba ukiwa bado kwenye mstari. Ukishapakiwa kwenye lori umekwisha.

Barua yako ikikaa bila jibu, nenda kwa Afisa Ushirika wa wilaya, kisha kwa Mrajis Msaidizi wa mkoa pale Tabora mjini, kisha Tume ya Maendeleo ya Ushirika, Dodoma. Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 Mrajis anaweza kuagiza uchunguzi na kuwatoza viongozi binafsi fedha walizotumia vibaya. Barua ya mtu mmoja huonekana ugomvi. Iliyosainiwa na wanachama hamsini, ikiambatanishwa na nakala za karatasi tulizotaja, huitiwa mkutano.

Wako wanaosema udhamini wa pamoja ufutwe kabisa. Sisi hatukubaliani nao. Mkulima asiye na hati wala gari hana cha kuweka benki, na bila chama angebaki mikononi mwa vishada moja kwa moja. Kinachofaa ni kupunguza duara: mkutano mkuu upitishe vikundi vidogo vya kudhaminiana, watu saba au kumi wanaojuana mashamba, na pengo lijazwe kwanza na kikundi kilicholileta kabla ya kugusa chama kizima. Mtu atakagua shamba la mdhaminiwa wake mwezi wa kumi na mbili bila kuambiwa na yeyote.

Shemeji alisaini fidia ya reli kwa niaba yetu

*Habari za kazi. Niko Nguruka. Nyumba yetu na sehemu ya shamba viko kwenye njia ya reli mpya. Wathamini walipopita mume wangu alikuwa machimboni, nikaambiwa mwanaume wa ukoo asaini, akasaini shemeji. Sina hati ya ardhi. Je, nina haki yoyote? Na fidia huhesabiwaje? — Mama wa watoto wanne*

Mama, kukosa hati hakukunyimi fidia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki ya kupewa na serikali. Sheria hiyo hiyo inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe au itolewe bila ridhaa ya mwenzi mwingine wa ndoa. Kwa hiyo shemeji si mtia sahihi halali wa nyumba yenu. Walio nje ya haya ni waliojenga ndani ya hifadhi ya reli ya zamani. Wao wana kazi ngumu zaidi.

Fanya haraka, maana jambo hili ni rahisi kabla jedwali la fidia halijasainiwa na Mthamini Mkuu wa Serikali na ni gumu sana baadaye. Andika barua kwa ofisi ya mthamini wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kijiji na kwa mkandarasi au ofisi ya mradi inayoshughulikia ardhi. Taja namba iliyopigwa rangi kwenye nyumba yako wakati wa uthamini. Ambatanisha cheti cha ndoa au barua ya utambulisho wa ndoa kutoka kijijini, na maelezo ya majirani wawili wa mpakani. Omba majina mawili yaandikwe, lako na la mumeo, na malipo yaingie kwenye akaunti ya pamoja inayohitaji sahihi zote mbili. Mumeo akiweza kutuma barua ya kukubali, bora zaidi.

Sasa hesabu. Fidia kamili si bei ya nyumba peke yake. Ina thamani ya soko ya ardhi na maendelezo yaliyo juu yake, posho ya usumbufu, posho ya makazi, posho ya usafiri, na kwa mwenye biashara, fidia ya kupotea kwa faida. Tuseme nyumba imethaminiwa shilingi 12,000,000, ardhi 3,000,000, miti na mazao 1,500,000. Jumla 16,500,000. Posho ya usumbufu ni hiyo jumla mara wastani wa riba ya amana za miezi 12 kwenye benki za biashara; tukichukua asilimia 8 kwa mfano, ni 1,320,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya nyumba kama yako kwa miezi 36: kodi ikiwa 40,000 kwa mwezi, ni 1,440,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa umbali wa kilomita 20. Kwa shilingi 1,000 kwa tani kwa kilomita inakuwa 240,000. Jumla kuu 19,500,000. Aliyelipwa 16,500,000 tu ameachwa na milioni tatu mezani, na wengi hawajui kwa sababu karatasi waliyoonyeshwa ina mstari mmoja wa jumla. Omba mchanganuo.

Ambaye kiwanja chake ni kitupu hapati posho ya makazi wala ya usafiri, kwa sababu hahami popote. Mwenye duka hupewa faida halisi ya mwezi mara 36, ila lazima aithibitishe kwa hesabu. Hapo ndipo muuza duka wa kijijini hupotea: daftari lake ni la madeni ya wateja tu. Daftari la manunuzi na mauzo, risiti na karatasi za kodi vyote vihifadhiwe kuanzia siku mnayosikia mradi unakuja.

Miti huhesabiwa kwa hatua. Mchikichi uliokwisha kuanza kuzaa hauna bei ya mche. Siku ya kuhesabu tembea na mthamini, hesabu kwa sauti, andika idadi yako mwenyewe, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Piga picha fomu baada ya kusaini. Ulichopanda au kujenga baada ya tarehe ya uthamini hakihesabiwi, kwa hiyo kumwaga mbegu usiku ni kupoteza mbegu.

Malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita tangu jedwali liidhinishwe; yakichelewa zaidi, huongezewa riba. Na uthamini wenyewe una maisha ya miaka miwili. Ukipita bila malipo, unatakiwa kurudiwa kwa bei mpya. Mkifikia kushtaki serikali, kumbukeni notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Kesi nyingi nzuri hutupwa kwa kukosa karatasi hiyo.

Reli ilifika zamani, mbona tuko nyuma?

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita Tabora, kwetu ni Kasulu. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mbona zaidi ya miaka mia baadaye Kigoma bado inahesabiwa miongoni mwa mikoa ya nyuma?*

Kwa sababu reli haikujengwa ili ishushe kitu Kigoma. Ilijengwa ifike ziwani, ichukue vya Kongo na vya bara, iende pwani. Baada ya Vita vya Kwanza Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa mkataba wa 1921. Mzigo ulipita chini ya pua za wenyeji ukiwa umefungwa. Kwa upande wa Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, Waingereza waliifanya sehemu ya kutoa vibarua. Vijana walipanda treni kama manamba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Nguvu kazi ikasafirishwa kabla ya mazao, na walipobaki wazee na kina mama hakukuwa na barabara za kutoa mazao wala viwanda vya kuyapokea.

Baada ya uhuru mambo mengine yaliongezeka. Operesheni Kigoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwenye vijiji vipya, na mchikichi hauhamishiki. Vita vya nchi jirani vilileta wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Umeme wa Gridi ya Taifa uliufikia mkoa mwaka 2022 tu. Kabla ya hapo kiwanda kingeendeshwa na jenereta ya dizeli iliyobebwa kutoka mbali, na mwekezaji mwenye hesabu alikwenda mahali pengine.

Tazama mawese. Michikichi ya asili, aina ya Dura, ina kokwa nene na nyama kidogo. Tenera, inayotokana na kuchanganya Dura na Pisifera, ina nyama nyingi na mafuta zaidi. Kituo cha utafiti cha Kihinga huzalisha mbegu bora, na serikali imekuwa ikigawa miche tangu 2018. Hupandwa mita 9 kwa 9 kwa pembetatu, yaani miche 143 kwa hekta, au kama 58 kwa ekari. Lakini mche huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa, na mwenye ekari moja ya mihogo hawezi kuifunga miaka mitatu akisubiri. Anayeweza ni mwenye ekari kumi na mshahara. Mche unagawiwa kwa wote, faida si ya wote. Dawa yake inajulikana: panda mihogo, maharage au karanga katikati ya mistari kwa miaka ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga.

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 uliona umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ni asilimia 26.4, vijijini 31.3, mijini 15.8. Kigoma ina watu 2,470,967 kwa sensa ya 2022, wengi wao wa vijijini. Nusu ya jibu lako imo humo. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni yenye kasi inayobeba mise (kokwa za mchikichi) ghafi itabeba mise ghafi kwa kasi. Kwenye mtihani usiishie kwa wakoloni. Andika pia nani ana mashine ya kukamua na nani anauza vichane vya chikichi kwa mwenye mashine.

Asilimia kumi na mwezi mpevu

*Tuko kina mama watano, tunanunua na kukausha dagaa Kibirizi. Tunataka mkopo wa halmashauri. Wenzetu waliochukua zamani walishindwa kurejesha. Tufanyeje? — Kikundi, Kigoma Ujiji*

Mikopo hii haina riba. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023 baada ya ukaguzi kukuta marejesho mabovu na vikundi hewa, ikarejea 2024, na Manispaa ya Kigoma Ujiji ilikuwa miongoni mwa halmashauri kumi zilizochaguliwa kuitoa kupitia benki. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata: katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya kikundi, andiko la mradi. (Tuseme hili kwa mabano: asilimia ni ile ile nchi nzima lakini chungu si kile kile. Kumi ya jiji lenye maduka makubwa ni mabilioni. Kumi ya wilaya inayokusanya ushuru wa mihogo ni vikundi vichache. Sheria hii husaidia watu ndani ya halmashauri, haipunguzi pengo kati ya halmashauri.)

Wenzenu walishindwa kwa sababu mbili kubwa. Waligawana fedha, kila mtu na chake, kikundi kikabaki jina. Na walikubali rejesho la kila mwezi lililo sawa, ilhali dagaa hawaji sawa. Vipe, yaani mitumbwi ya dagaa inayovua kwa taa, hutegemea giza. Karibu na mwezi mpevu taa hazivuti dagaa, na siku kama kumi za kila mwezi biashara hulala. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na kundi lililokuwa na rejesho la Juni lilikopa kwingine ili lilipe. Kwenye andiko lenu wekeni kalenda ya uvuvi, ombeni kipindi cha neema cha mwanzo, na tengeni akiba wakati dagaa ni wengi.

Fedha ya kwanza isiende yote kununua dagaa. Jengeni vichanja vya waya vilivyoinuka usawa wa kiuno. Dagaa wa mchangani hununuliwa bei ya chini, na mvua ya ghafla ya Novemba hadi Aprili huwafanya waoze siku hiyo hiyo. Nunueni na turubai. Wanaofuata mzigo kutoka mbali hushika dagaa mkononi kwanza. Akibaki na mchanga kiganjani, bei imeshuka kabla hamjaongea.

Mkutano wa kijiji hauitishwi

*Kijiji chetu, wilaya ya Sikonge, hakijasoma mapato na matumizi mwaka mzima. Mwenyekiti anasema hakuna fedha ya kuitisha mkutano.*

Mkutano mkuu wa kijiji ni kila miezi mitatu na hauhitaji bajeti. Unahitaji tangazo na kivuli cha mwembe. Halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 hadi 25, hukutana kila mwezi, na taarifa ya fedha inapaswa kubandikwa pa wazi. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji mkitaja miezi iliyopita bila mkutano, nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa halmashauri. Ombeni vitu vinavyohesabika: stakabadhi za ushuru na faini, michango ya shule, mauzo ya miti au viwanja, na taarifa ya benki ya kijiji. "Mapato na matumizi" kwa jumla huletewa hotuba. Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.